Kibali kipi, na siri ukampe nani: ulinganisho kwa anayeomba hifadhi

Watu wanapolinganisha vibali vya kuishi ugenini huanza na miaka. Huyu kapewa mitatu, yule mmoja, mwingine anahuisha kila baada ya miezi sita. Miaka ina uzito wake, sikatai. Lakini mtu aliyekimbia hatari akiniuliza, mimi huanza kwingine: kibali hiki kitakulazimisha kugonga mlango wa ubalozi wa nchi uliyoikimbia? Na ili ukipate, utasimulia kiasi gani, na masikio mangapi yatasikia?

Kila kibali kina bei yake ya siri. Kipo kinachokutaka uanike kila kitu mbele ya afisa, kisha hakikurudishi tena kwa waliokutesa. Kipo kisichokuuliza lolote kuhusu mateso, ila kila pasipoti ikikaribia kuisha unajikuta dirishani kwa watu walewale. Kwa hiyo nitavipima kwa mambo mawili kwa pamoja, haki ya kukaa na usiri, kwa sababu ukikipima kwa moja tu utachagua vibaya.

Karatasi ya kusubiri

Ukishawasilisha ombi la hifadhi unapewa karatasi au kadi. Wengi huiita kibali. Siyo. Inasema tu kwamba mwenye jina hili ameruhusiwa kuwepo mpaka ombi lake liamuliwe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 kuhusu taratibu za hifadhi ilitamka wazi kwamba haki hiyo ya kubaki haimpi mwombaji haki ya kibali cha ukaazi. Tofauti hii utaisikia siku utakapotaka kuhama mji au kuanza kazi, maana nchi nyingi humpangia mwombaji pa kuishi na humzuia kufanya kazi kwa miezi ya mwanzo. Na ukihama bila kutoa taarifa, wito wa mahojiano ukaenda nyumba ya zamani, ombi linaweza kuhesabiwa kuwa umelitelekeza.

Kuna na saa inayokimbia. Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006, inampa mtu siku 30 tangu aingie nchini kuwasilisha ombi. Marekani inampa mwaka 1 tangu afike, na ukipita bila sababu inayokubalika anabakiwa na ulinzi hafifu zaidi, ambao nitaufikia. Kuingia bila viza peke yake kusikutishe hadi ukanyamaza: kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumwadhibu kwa kuingia huko mtu aliyetoka moja kwa moja mahali pa hatari na kujitokeza bila kuchelewa.

Na siri je? Huanza hapa, na si maelezo yako tu yanayolindwa. Hata ule ukweli kwamba umeomba hifadhi haupaswi kuifikia serikali unayodai inakutesa. Umoja wa Ulaya uliandika hivyo, na kanuni za Marekani nazo zinakataza kutoa taarifa za mwombaji kwa watu wa nje bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Hapo ndipo wengi wanapoelewa vibaya. Usiri huo ni dhidi ya unaowakimbia. Si dhidi ya idara nyingine za nchi unayoiomba. Fomu ya viza uliyojaza mwaka juzi ukisema umeoa na una duka itatolewa kabatini na kuwekwa kando ya maelezo yako ya leo. Barani Ulaya alama za vidole za mwombaji hukaa miaka 10 katika hifadhidata ya Eurodac, na nchi ya pili utakayofika itajua ulipita wapi.

Ukimbizi kamili, ulinzi wa ziada, na kutorudishwa tu

Hapa ndipo penye uamuzi hasa. Jibu la "ndiyo" huja kwa ngazi, na wengi wakisikia ndiyo hawaulizi ngazi.

Ngazi ya juu ni hadhi ya ukimbizi. Inahitaji uoneshe kwamba unaogopa kuteswa kwa sababu mojawapo kati ya tano za Mkataba wa 1951: mbari, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii, au maoni ya kisiasa. Ulinzi wa ziada hupewa mtu asiye na sababu hizo tano lakini akirudi atakabili adhabu ya kifo, mateso, au hatari kubwa ya vita. Ngazi ya chini kabisa ni kuzuiwa tu kurudishwa: serikali inasema hatukutambui kuwa mkimbizi, ila hatutakupeleka huko.

| | Hadhi ya ukimbizi | Ulinzi wa ziada | Kutorudishwa tu |
|---|---|---|---|
| Muda wa kibali | Umoja wa Ulaya: si chini ya miaka 3 | Umoja wa Ulaya: si chini ya mwaka 1, ukihuishwa si chini ya 2 | Mfupi, na pengine hakuna kibali, ni kuvumiliwa tu |
| Hati ya kusafiria | Unapewa ya wakimbizi, kwa kifungu cha 28 cha Mkataba | Ukionesha kwamba huwezi kupata pasipoti ya kwenu | Ni nadra |
| Ubalozi wa kwenu | Usiende. Ukienda unajiharibia | Unaweza kutumwa huko | Mara nyingi unatumwa, au idara inawasiliana nao yenyewe |
| Mwenzi na watoto | Njia ni nyepesi, hasa ukiwahi | Masharti, foleni, kusimamishwa | Karibu mlango umefungwa |

Tazama mstari wa ubalozi kuliko ule wa muda. Mkimbizi kamili hapaswi kulazimishwa kuomba chochote kwa serikali iliyomfukuza. Nchi iliyompokea inamwandikia hati. Mwenye ulinzi wa ziada huambiwa: wewe hukuteswa na serikali, ulikimbia hali mbaya, basi nenda ukatafute pasipoti. Waeritrea walioko Ujerumani wanaijua habari hii kwa uchungu. Ubalozi wao ulitaka wasaini tamko la majuto, mtu akikiri kwamba alitenda kosa kwa kutotimiza wajibu wake wa kitaifa na kwamba yuko tayari kupokea adhabu. Oktoba 2022 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua kwamba mwenye ulinzi wa ziada asiyetaka kusaini tamko hilo hawezi kulazimishwa. Ushindi mkubwa, lakini tazama ulihitaji mahakama ya ngazi gani. Mwenye hadhi ya ukimbizi hakuwa na haja ya kesi hiyo hata kidogo.

Familia nayo ni hivyohivyo. Sheria ya Ulaya inampa mkimbizi miezi 3 baada ya kutambuliwa ambamo akiomba kuletewa familia nchi haiwezi kumwekea masharti ya kipato na makazi. Baada ya hapo inaweza. Kwa wenye ulinzi wa ziada, Ujerumani iliusimamisha mlango huo kwa miaka 2 kuanzia Julai 2025. Ukiwa na watoto nyuma, mstari huo mmoja wa jedwali unatosha kuamua.

Marekani ngazi zina majina mengine lakini mantiki ni ileile. Anayepewa hifadhi anaweza kumjumuisha mwenzi na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, na baada ya mwaka 1 anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Anayezuiliwa tu kuondolewa hapati hayo. Na kwake kiwango cha ushahidi ni kigumu zaidi, kwani lazima aoneshe kuwa kuteswa kunaelekea kutokea kuliko kutotokea. Ndiko anakoangukia aliyechelewa ule mwaka mmoja. Kuchelewa kumemfanya athibitishe zaidi ili apate kidogo.

Je, ukipewa ulinzi wa ziada ukubali au ukate rufaa kudai ukimbizi kamili? Kama hatari yako ilitoka kwa serikali yenyewe, au una familia nyuma, mimi nasema ongea na wakili siku ileile barua ilipofika, maana muda wa rufaa huhesabiwa kwa wiki. Zipo nchi ambako unabaki na ulinzi ulionao huku ukidai ngazi ya juu. Muulize kama yako ni mojawapo. Kama ulikimbia vita tu na huna ugomvi na serikali, rufaa huenda isikuongezee kitu ila mawazo. Kuna na bei ya siri ambayo haitajwi sana: mahojiano na afisa ni ya faragha, ila mahakama nyingi kwa kawaida husikiliza kesi hadharani. Wakili anaweza kuomba isikilizwe faraghani au jina lako lifichwe kwenye hukumu. Aombe mapema, si siku ya kesi mbele ya watu walioketi nyuma.

Kutambuliwa kwa kundi au kwa mtu mmojammoja

Afrika ina njia ambayo Ulaya huifikia kwa nadra. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi ukamjumuisha anayekimbia uvamizi wa kutoka nje, kukaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma. Kwa hiyo watu wa eneo fulani wanaweza kutambuliwa kwa pamoja bila kila mmoja kuhojiwa kwa kina.

Kwa usiri njia hii ni tamu: hukusimulia, hakuna aliyesikia. Kwa ukaazi ni ya haraka. Kasoro yake hujitokeza baadaye. Mwanamke aliyebakwa na askari, au mtu anayetafutwa kwa jina, anaingia kwenye daftari kama jirani yake aliyekimbia milio ya risasi tu. Miaka ikipita akafikiriwa kuhamishiwa nchi ya tatu, ndipo anaulizwa kwa kina, na afisa anashangaa mbona hakuwahi kusema. Kama una habari ya peke yako, omba kuongea faraghani na afisa anayeshughulikia ulinzi wa wakimbizi na iandikwe, hata kama kadi umeshapata.

Jambo la pili ni fomu za ridhaa. Ukiandikishwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au na serikali utaulizwa kama unakubali taarifa zako zishirikishwe na wengine. Hilo si swali la kujibu huku unatazama foleni ya chakula. Juni 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba data za Warohingya walioandikishwa Bangladesh, majina yasiyopungua 830,000, zilikabidhiwa na serikali ya Bangladesh kwa Myanmar, nchi waliyoikimbia, na wengi waliohojiwa hawakujua. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuombwa ridhaa. Mimi nachukua somo dogo la kiofisi: uliza kisanduku hiki ni cha nani, na nikikataa nitapoteza nini. Kukataa data zako zisifike nchi uliyoikimbia hakupaswi kukunyima uandikishaji wala msaada.

Kazi, masomo, ndoa

Ukipata njia hizi ukiwa na pasipoti halali, huna haja ya kusimulia chochote, na kibali chaweza kuwa kirefu na chenye kazi ndani yake. Kwa mwenye hatari ndogo ni njia ya heshima. Lakini pasipoti hiyo huisha. Kiongozi wa wanafunzi aliyeikosoa serikali akiwa masomoni atafika ubalozini kuihuisha na kukuta jina lake limetangulia. Hapo bado anaweza kuomba hifadhi, kwani hatari iliyozuka baada ya kuondoka inakubalika kisheria. Tatizo ni swali atakaloulizwa kuhusu miaka yote aliyokaa kimya. Nchi nyingine hazimruhusu aliyekataliwa hifadhi kugeukia viza ya kazi bila kutoka kwanza. Ukiwa na njia mbili mkononi, usianze yoyote kabla ya kuuliza kama moja inaua nyingine.

Na sasa, masikio

Nimekaa kiti cha mkalimani mara za kutosha kujua kwamba watu humficha anayepaswa kujua na kumwambia asiyepaswa.

Afisa wa mahojiano ndiye wa kuambiwa yote. Sababu ya kuficha huwa ni aibu, hasa ubakaji na mapenzi ya jinsia moja, na mtu akiyasema baadaye anaonekana ameongeza chumvi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 2 Desemba 2014 kwamba kuchelewa kusema kuhusu mwelekeo wako wa kijinsia peke yake si sababu ya kukuona mwongo, na ikakataza maafisa kuuliza undani wa tendo la ndoa au kupokea picha za aina hiyo kama ushahidi. Hata hivyo usiitegemee hukumu hiyo kama mto wa kulalia. Omba mapema mhojaji na mkalimani wa jinsia unayoweza kuongea mbele yake.

Mkalimani amefungwa na kiapo cha siri, na hilo ni jema, lakini kwa Waswahili hatari yake kubwa si kuvujisha. Ni kutafsiri vibaya. Mkongomani akisema "yaya wangu aliuawa" anamaanisha ndugu yake mkubwa. Mkalimani aliyezaliwa Nairobi anasikia mtumishi wa nyumbani, na afisa anaandika kwamba mwombaji hapo awali alisema aliyeuawa ni kaka. Au saa: umesema walikuja saa nane usiku, imeandikwa nane badala ya mbili, na shahidi wako kwenye barua kaandika saa mbili za Kizungu. Tayari una mkanganyiko ambao si wako. Wabajuni wa pwani ya Somalia wanalijua hili zaidi ya wote, kwani lugha yao yenyewe imepimwa na wachambuzi ili iamuliwe kama ni wa Somalia au wa Kenya. Kwa hiyo sema mwanzoni kabisa ni Kiswahili cha wapi unachoongea, na ukihisi hamwelewani, au mkalimani ni mtu wa kwenu unayemwogopa, simamisha mahojiano. Kuomba mwingine si utovu wa adabu. Mimi niliwahi kuombwa nitoke, na nilitoka.

Kati ya wakili na mshauri wa shirika, tofauti ni ya kisheria. Wakili hawezi kulazimishwa kusema ulichomwambia katika kukuwakilisha. Mshauri wa shirika anaweza kuwa na moyo mzuri kuliko wakili na asiwe na kinga hiyo. Ujerumani, kwa mfano, sheria ya jinai inamfunga mdomo wakili, daktari, mwanasaikolojia, na hata mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyetambuliwa na serikali. Akivunja anaweza kufungwa hadi mwaka 1 au kutozwa faini. Mtu wa kujitolea anayefundisha lugha jioni hayumo kwenye orodha hiyo. Muulize anayekushauri maswali mawili: umeajiriwa na nani, na ukiitwa na idara ya uhamiaji utasema? Ukiona anasitasita, mwambie mambo ya ratiba na anwani, mengine yapeleke kwa wakili. Kwa wakili usifiche kitu, hata kile kinachokuharibia, kama jina la uongo ulilotumia njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Daktari ana siri na ana kalamu. Makovu yakiandikwa kitaalamu kwa kufuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso uliotolewa 1999 na kusahihishwa 2022, yana nguvu kuliko maelezo marefu. Ripoti haipaswi kwenda kwa afisa mpaka usaini kwamba unaruhusu. Isome kwanza, au isomewe, maana tarehe isiyolingana na mahojiano inaweza kukuumiza.

Kiongozi wa dini anafaa kwa faraja, na kwa barua kama umebadili dini. Basi.

Wa mwisho ni mtu wa kwenu mnayelala naye chumba kimoja, na dalali anayejua "kesi inayopita". Wa kwanza anaweza kuwa mwema kabisa, lakini ana simu, ana kundi la WhatsApp, na ndani ya kundi hilo yupo binamu wa mtu usiyemjua. Mpe ugali, mpe kitanda, usimpe sababu ya kukimbia. Dalali ni hatari kwa njia nyingine: hadithi aliyokuuzia kawauzia na wengine, afisa ameisoma wiki iliyopita, na sasa dalali huyo anajua umemdanganya nani. Nimeona watu wenye habari za kweli, nzito, wakiziacha kwa ajili ya hizo za kununua.

Siku ya mahojiano, kabla ya kusaini, dai usomewe maandishi yote kwa lugha yako, taratibu, majina na tarehe kimojakimoja. Nakala ukiipata usiiache chini ya godoro la chumba cha watu wanane, wala usiipige picha ikae kwenye simu unayoazimisha. Iende kwa wakili.